Tunampeleka Mama Sale

Mwezi huu sitakuandikia juu ya mahindi wala mihogo. Nitakuandikia juu ya safari. Mimi na watu wa nyumbani kwangu hapa Mnyuzi, Korogwe, tunajiandaa kwenda Sale, wilaya ya Ngorongoro. Ni mbali. Kwa mwendo tuliopanga ni siku tatu kwa gari, na siku ya tatu karibu yote ni nyika. Tutakuwa watu sita: mimi, mke wangu, watoto wetu wawili, shemeji yangu mwenye gari ambaye ndiye dereva, na mama yangu mzazi. Mama ana miaka 74. Ana ugonjwa wa shinikizo la damu, yaani presha.

Labda wewe pia una binti aliyeolewa mbali, au kijana aliyepata kazi mbali. Siku moja utataka kwenda kumwona pamoja na wazee na watoto. Basi soma tulivyopanga. Na soma tulivyokosea zamani, maana tulikosea sana.

Mdogo wangu wa kike ni mwalimu huko Sale. Mwezi wa Februari alijifungua mtoto wake wa kwanza. Mama aliposikia alisema, "Mjukuu wangu nitamwona kwa macho yangu, si kwenye simu." Mke wangu akanyamaza. Usiku akaniambia, "Baba watoto, umesahau safari ya kikombe? Ile safari ilitaka kutuulia mama."

Sijaisahau.

Bila shaka unakumbuka mwaka 2011. Watu wa nchi nzima walikuwa wanakwenda Samunge, kijiji kilicho jirani na Sale. Huko aliishi mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile. Watu walimwita Babu wa Loliondo. Alikuwa anachemsha dawa ya mti uitwao mugariga, na kila mtu alikunywa kikombe kimoja kwa shilingi 500. Watu walisema kikombe kile kinaponya kisukari, presha, UKIMWI na magonjwa mengine. Walikuja kwa maelfu, hata kutoka Kenya. Haijathibitishwa na wataalamu wa afya kwamba dawa ile iliponya magonjwa hayo. Babu mwenyewe alifariki Julai 2021.

Sisi tulikwenda mwezi wa Machi, masika yameanza. Tulikuwa watu 14 katika gari la watu tisa. Maji tulikuwa na dumu moja la lita 20. Chakula tulibeba wali na mchuzi. Siku ya pili asubuhi wali ulikuwa umechacha, tukaumwaga. Kosa kubwa zaidi lilikuwa hili: mama aliacha vidonge vyake vya presha nyumbani, juu ya kabati. Jirani mmoja alimwambia, "Unakwenda kupona, vidonge vya nini tena?" Mimi ndiye niliyesoma katika nyumba yetu. Nilikwenda chuo cha kilimo, nina cheti. Lakini sikumwuliza mama, "Dawa zako ziko wapi?"

Tulifika kwenye foleni ya magari. Mbele magari, nyuma magari. Mengine yamezama katika tope. Watu walilala njiani siku nyingi, na wagonjwa wengine walifia humo humo kwenye foleni. Watu walizidi mpaka ikatangazwa kwamba wagonjwa wapya wakae makwao kwanza, waliokwisha fika wapungue. Sisi tulikuwa tumekwisha fika. Siku ya pili ya foleni maji yetu yalikwisha. Siku ya tatu mchana mama alisema kichwa kinamwuma na macho hayaoni vizuri. Kisha akaanguka.

Alikuja mama mmoja wa Kimasai na punda wake amebeba madumu ya maji. Hakujua Kiswahili kingi. Alimtazama mama, akaacha punda, akatuonyesha tumlaze chini ya mgunga. Akamlowesha kichwa kwa maji. Akamnywesha maji kidogo kidogo, kisha maziwa kutoka kwenye kibuyu chake. Alikaa naye mpaka jua likaenda chini. Katika gari la nyuma yetu alikuwamo muuguzi aliyekuwa anamsindikiza baba yake. Alimpima mama presha, akampa vidonge. Yule mama wa Kimasai nilimpa pesa. Alizikataa, akachukua punda wake akaenda.

Kikombe tulikunywa kesho yake. Lakini ukimwuliza mama habari za safari ile, hasemi kitu juu ya kikombe. Anasema juu ya yule yeyo na kibuyu chake. Yeyo ni neno la Kimasai, maana yake mama. Vidonge vya presha mama anameza kila siku mpaka leo.

Sasa unaelewa kwa nini mke wangu aliogopa. Tulikaa tukazungumza, na mama akiwapo. Tukakubaliana kwamba safari hii itafuata mwendo wa mama. Yeye akichoka, gari linasimama. Yeye asipoweza, tunarudi, hata kama tumefika Arusha. Watoto walinung'unika kidogo, wakakubali.

Kitu cha kwanza tulikwenda zahanati. Muuguzi alimpima mama na kusema anaweza kusafiri, ila arudi apimwe tena wiki moja kabla ya kuondoka. Safari yetu ni ya wiki mbili. Lakini tumechukua vidonge vya mwezi mzima, maana gari linaweza kuharibika, mto unaweza kujaa. Tumevigawa mara mbili. Nusu iko katika mkoba wa mama, nusu katika mkoba wa mke wangu. Mkoba mmoja ukipotea, mwingine upo. Tumeandika pia kwenye karatasi jina la dawa, kiasi anachomeza na saa ya kumeza. Karatasi hiyo anaitunza mtoto wetu mkubwa, wa miaka 12. Anajua kusoma vizuri, na kazi hiyo imempa fahari.

Kitu cha pili ni kuchagua majira. Usiende nyika ya kaskazini wakati wa masika. Kuanzia Machi hadi Mei makorongo yanajaa ghafla. Mvua inanyesha mlimani, wewe uko tambarare penye jua, mara maji yanakuja kama ukuta. Tumechagua Juni. Mvua imekwisha, jua halijawa kali sana, na watoto wana likizo ya shule. Tatizo la Juni ni shamba. Mahindi yetu ya masika yatakuwa bado yanakauka, na hapa Mnyuzi nguruwe na nyani hawana likizo. Nimekubaliana na binamu yangu alale shambani siku zote 14. Nitampa gunia moja la mahindi. Tumepatana mbele ya mashahidi wawili, maana mimi Bwana Shamba nikirudi nikute mahindi yameliwa, kijiji kizima kitanicheka.

Sasa nikueleze njia yenyewe.

Mnyuzi yetu ni njia panda ya reli. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, wakati wa Wajerumani. Mwaka 1963 ikafunguliwa reli ya kuunganisha Mnyuzi na Ruvu. Treni ya abiria ya kutoka Dar es Salaam ilirudi Moshi Desemba 2019, na mwaka 2020 ikafika Arusha. Tulifikiri kumpakia mama treni. Lakini kutoka Arusha bado tungehitaji gari, kwa hiyo tukaona twende pamoja tangu nyumbani.

Siku ya kwanza si ngumu. Ni lami tupu. Kutoka Korogwe hadi Arusha ni zaidi ya kilometa 300. Utapita mashamba ya mkonge, kisha Mombo, Mkomazi, Hedaru na Same. Upande wa kulia kuna milima ya Usambara, halafu ya Pare. Upande wa kushoto ni nyika kavu. Angalia mvua inavyoanguka mlimani huku tambarare pakiwa pakavu, nawe utaelewa kwa nini watu wa huko waligombea maji ya mifereji tangu zamani. Tutalala Moshi kwa ndugu wa mke wangu. Kijana mwenye nguvu angeweza kufika Arusha, hata zaidi. Mama hawezi kukaa ndani ya gari zaidi ya saa sita, miguu inamvimba. Kila baada ya saa mbili tutasimama atembee.

Siku ya pili ni kutoka Moshi hadi Mto wa Mbu, kwa kupitia Arusha na Makuyuni. Hapo pia ni lami. Mto wa Mbu ni mji mdogo chini ya ukuta mkubwa wa Bonde la Ufa. Kuna maji mengi, migomba na mpunga, na watu wa makabila mengi. Hapo ndipo pa kujaza mafuta mpaka tangi lijae, na madumu ya akiba pia. Hapo ndipo pa kuziba pancha na kununua vyakula. Na jina la mji si mchezo. Lala ndani ya chandarua.

Siku ya tatu tutaacha lami na kugeukia kaskazini. Tutaondoka saa 12 asubuhi, jua likitoka. Usiondoke baadaye, maana ukichelewa utakuta giza mlimani. Kuanzia hapo simu hushika mahali na mahali. Kwa hiyo kabla ya kuondoka tutampigia mdogo wangu na kumwambia, "Tumeondoka sasa. Kama hatujafika saa 12 jioni, mwambie mwenyekiti wa kijiji." Mwaka 2011 hakuna mtu aliyejua tuko wapi.

Baada ya kilometa kama 60 utafika Engaruka. Mimi nilipita hapo tena mwaka juzi, nilipomsindikiza mdogo wangu kuanza kazi. Nilimwomba dereva asimame, nikatembea muda wa saa nzima. Ndugu msomaji, kama wewe ni mkulima, usipite Engaruka umelala. Kuna mabaki ya mashamba ya watu wa kale. Walipanga mawe kuzuia udongo. Walichimba mifereji na kuijengea kwa mawe, wakaleta maji kutoka kwenye vijito vya mlimani mpaka kwenye majaruba. Mashamba hayo yanaenea kiasi cha hekta 2,000. Walilima hapo miaka mia kadhaa iliyopita, wakahama kabla ya wazungu kufika. Wataalamu waliochimba hapo walikuta punje za mtama zilizoungua. Hakuna trekta lililofanya kazi ile. Hakukuwa na Bwana Shamba pia! Nilisimama pale nikafikiria matuta ambayo huwa nawahimiza watu wayachimbe, wakaniambia kazi ni nzito.

Mbele ya Engaruka nchi inakuwa kavu na vumbi linakuwa jingi. Funga madirisha. Mzee na mtoto wafunge pua kwa kitambaa kilicholowa maji. Mbele utaona mlima mmoja umesimama peke yake, umechongoka. Ni Ol Doinyo Lengai. Wamasai wanauita Mlima wa Mungu. Una mita 2,962, na ni volkano hai. Mwaka 2007 ulilipuka na kumwaga majivu. Watoto wangu wamekwisha uliza kama utalipuka tukiwa pale. Nimewaambia tutawauliza wenyeji wa Engaresero kabla ya kupita.

Engaresero iko karibu na ziwa Natron. Ziwa hilo lina magadi, kama yale tunayotia kwenye maharage. Usinywe maji yake. Usiwaache watoto wachezee huko, yanawasha macho na ngozi. Lakini ndege wanaoitwa heroe wanalipenda sana, wale wenye rangi ya waridi na miguu mirefu. Karibu heroe wadogo wote wa Afrika Mashariki huanguliwa hapo. Joto la mchana ni kali. Mama tutampumzisha kivulini.

Kitu kingine cha Engaresero ni nyayo. Karibu na ziwa kuna zaidi ya nyayo 400 za watu waliokanyaga majivu ya volkano yenye unyevu. Majivu yakakauka, nyayo zikabaki. Wataalamu wanasema zina umri wa zaidi ya miaka 5,000, na huenda ni wa zamani zaidi ya hapo. Walipozipima waliona kwamba watu 17 walitembea pamoja kuelekea upande mmoja. Walikuwa wanawake 14, wanaume wawili na kijana mmoja. Nilipomsomea mama habari hii alicheka. "Wanawake 14!" alisema. "Walikuwa wanatafuta chakula. Hao wanaume wawili sijui walikuwa wanafanya nini."

Kutoka Engaresero barabara inapanda ukuta wa Bonde la Ufa. Huu ndio mlima wenyewe. Kuna kona kali, mawe na mteremko mkubwa pembeni. Gari dogo la mjini lisijaribu. Shemeji ana pikapu yenye nguvu za magurudumu manne, yenye viti vya nyuma. Mizigo tutaifunga kwa kamba nyuma, isizidi. Tuna tairi mbili za akiba, jeki, beleshi, panga, kamba nene na ubao wa kuweka chini ya jeki kwenye mchanga. Shemeji amebadilisha mkanda wa feni na kupima breki mara mbili. Nilimwambia tena apime. Alikasirika kidogo, lakini alipima.

Ukimaliza kupanda unaingia nchi ya Wasonjo, wenyewe hujiita Watemi. Ni wakulima, nao wana mifereji yao ya kumwagilia. Hapo ndipo ilipo Sale. Kuanzia Sale kwenda Wasso kuna lami tena, kilometa 49.

Sasa habari ya maji, maana ndiyo iliyotuumiza. Tulihesabu hivi. Mtu mmoja anahitaji lita tano kwa siku, za kunywa, kupika na kunawa kidogo. Sisi ni watu sita. Sita mara tano ni lita 30. Nyika ni ya siku moja, lakini tunahesabu siku mbili, kama gari litaharibika. Hizo ni lita 60. Ongeza lita 20 za rejeta ya gari. Jumla ni lita 80, yaani madumu manne ya lita 20. Madumu yawe yale yaliyowekwa maji tu tangu mwanzo. Dumu lililowekwa mafuta au dawa ya shamba halifai, hata ukiliosha mara kumi. Na maji ya rejeta yawe safi kama yale mengine. Ukikwama, utayanywa.

Chakula cha siku ya nyika ni kile kisichochacha: mayai ya kuchemsha yenye maganda yake, viazi vitamu, ndizi mbivu, karanga, mikate. Wali tutaula tukifika.

Tulikuwa na ubishi mmoja na mama. Alitaka kumpelekea binti yake machipukizi ya migomba yetu na kuku tisa. Nimemkatalia migomba. Chipukizi linaweza kubeba ugonjwa ndani ya udongo wa mizizi bila wewe kuona, ukaharibu migomba ya watu wengine. Mama alisema, "Migomba yangu haijawahi kuugua." Nikamjibu, "Kweli, mama, lakini sheria ninayowafundisha majirani siwezi kuivunja nyumbani kwangu." Juu ya kuku tulipatana. Kuku wakisafiri wanachoka, na kuku aliyechoka hushikwa na kideri haraka, kisha huwaambukiza wa huko aendako. Kwa hiyo wote tisa wamechanjwa kwa tone la jicho, wiki tatu kabla ya safari. Watakaa kwenye tenga lenye hewa, kivulini, nao watapewa maji kila tutakaposimama. Umeona, hesabu yangu ya maji haikuwa na kuku. Mke wangu ndiye aliyenikumbusha. Tumeongeza dumu la tano.

Ndani ya mkoba wa mama, pamoja na vidonge, kuna doti moja ya kanga mpya. Si ya binti yake. Ni ya yule yeyo. Hatujui jina lake, wala hatujui kama yu hai. Lakini mama anaukumbuka ule mgunga. Anasema uko kando ya korongo kavu, upande wa kushoto. Shemeji amekubali kusimama pale na kuuliza. Kama hapatikani, mama amesema kanga hiyo atampa mwanamke yeyote tutakayemkuta pale na punda wa maji.